Sura ya Saba: Juzuu Liko Wapi?

Karibu kila wiki ya mahakama, mahali fulani kati ya Mombasa na Mbeya, wakili husimama mbele ya jaji na kuitaja kampuni ya biskuti. Hauzi biskuti wala hamdai mtu biskuti. Anataka tu kueleza pingamizi la awali ni lipi na lisilo pingamizi la awali ni lipi. Tangu mwaka 1969 hakuna aliyelieleza jambo hilo likakubalika Afrika Mashariki nzima kama walivyolieleza majaji waliosikiliza rufaa ya Mukisa Biscuit Manufacturing dhidi ya West End Distributors. Kwa ufupi walisema kwamba pingamizi la aina hiyo ni hoja tupu ya sheria, inayojengwa juu ya maelezo ambayo pande zote mbili hazibishani. Ikibidi kuita shahidi ili kuithibitisha, basi hapo hakuna pingamizi la awali. Kesi ilitoka Uganda. Leo inatajwa Arusha, Milimani, Kampala na Eldoret kana kwamba iliamuliwa jana katika chumba cha pili.

Mwishoni mwa jina la kesi hiyo huwekwa alama fupi: [1969] EA 696. Yaani mwaka, mfululizo wa ripoti, na ukurasa. Kwa wakili hiyo ni anwani kamili, na akishaiandika kwenye hoja zake amemaliza. Kwa mkutubi wa sheria kazi ndiyo kwanza inaanza. Juzuu la 1969 liko wapi? Ukurasa wa 696 bado umo ndani yake? Na kuna uamuzi wowote wa baadaye uliouongezea, kuupunguzia au kuutupa ule wa kwanza?

Watu wengi, wakiwamo mawakili wanaokula matunda ya kazi hii kila siku, humdhania mkutubi wa sheria kuwa mtu wa kupiga mihuri vitabu na kunyamazisha wanafunzi. Ukweli ni kwamba katika jengo la mahakama au ofisi kubwa ya uwakili, yeye mara nyingi ndiye wa mwisho mwenye nafasi ya kuzuia hoja iliyokufa isifike mbele ya jaji. Na kadiri ninavyoitazama kazi yake, ndivyo ninavyoamini kwamba hawezi kuifanya akiwa peke yake, hata awe hodari namna gani. Si kwa sababu ya udhaifu wake. Sheria ya eneo letu ilitawanywa tangu mwanzo, kipande huku na kipande kule, na hakuna rafu moja iliyowahi kuibeba yote.

Tuanze na hizo herufi mbili, EA. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1902 na serikali ya kikoloni. Ilisikiliza rufaa kutoka Kenya, Uganda, Zanzibar na baadaye Tanganyika, na kwa vipindi mbalimbali hata kutoka Aden na Shelisheli. Kuanzia 1934 hadi 1956 hukumu zake zilichapwa katika mfululizo unaofupishwa EACA. Mwaka 1957 ukaanza mfululizo mpya, East African Law Reports, uliobeba pia hukumu za mahakama kuu za nchi mojamoja. Huo ndio EA. Uliendelea hadi juzuu la 1975, ukakatika. Miaka miwili baadaye Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika na mahakama yenyewe ikazikwa nayo. Tanzania ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979, na wenzetu wakawa na zao.

Hukumu hazikuzikwa. Mwombaji wa zuio la muda Kenya bado anapitishwa kwenye tundu la sindano la Giella dhidi ya Cassman Brown, ya 1973. Anayekata rufaa ya kwanza bado anakumbushwa kwamba mahakama ya rufaa inao wajibu wa kuupitia ushahidi upya, na atatajiwa Selle ya 1968 kwa kesi ya madai au Okeno ya 1972 kwa kesi ya jinai. Zote zimo katika majuzuu ya EA. Tanzania, kwa zuio la muda, wanakwenda kwa Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, ambayo inanukuliwa kutoka High Court Digest, chapisho lililotoa muhtasari wa hukumu na si hukumu nzima. Fikiria uzito huo: maombi mengi mno, kwa zaidi ya nusu karne, yamesimama juu ya muhtasari. Anayetaka kuisoma hukumu yenyewe hana budi kumtafuta mtu anayejua majalada ya zamani yalihamishiwa wapi.

Baada ya kuvunjika kwa mfululizo huo wa pamoja, kila nchi ilijaribu kuchapa ripoti zake, na mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 zilitoka kwa kusuasua. Hukumu nyingi za kipindi hicho zilibaki kwenye karatasi zilizopigwa kwa taipureta, zikibanwa kwa pini na kupitishwa kutoka ofisi moja ya wakili hadi nyingine. Mfululizo wa East African Law Reports ulifufuliwa baadaye na mchapishaji binafsi. Lakini pengo la katikati lipo mpaka leo, na wanaolijua vizuri ni wakutubi waliolirithi.

Kuna tatizo lingine lililo kongwe kuliko hilo. Wakoloni walipoleta sheria za Uingereza waliweka tarehe ya mwisho ya kupokea. Sheria za jumla za Kiingereza zilizokuwa zikitumika kwao kufikia tarehe hiyo zingetumika na huku, mradi hakuna sheria ya hapa iliyochukua nafasi yake. Kenya ni Agosti 12, 1897. Uganda ni Agosti 11, 1902. Tanzania Bara ni Julai 22, 1920. Mkutubi wa sheria wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam anaijua tarehe yake kama anavyojua tarehe yake ya kuzaliwa, kwa sababu ndiyo inayomwambia vitabu gani vya kale asithubutu kuvitupa.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, maana ndani yake kuna watu na nyumba zao. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyoripotiwa kwa herufi tu, I dhidi ya I, ilishikilia kwamba Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya Uingereza, ya mwaka 1882, inatumika Kenya. Ilikuwa imeshatungwa kabla ya Agosti 1897, na Bunge la Kenya halikuwa na yake. Kuanzia hapo mwanamke wa Nakuru aliyechangia kununua shamba au kujenga nyumba, kisha ndoa ikavunjika, alikwenda mahakamani akiwa ameshika kifungu cha 17 cha sheria iliyotungwa London enzi za Malkia Victoria. Hali hiyo iliendelea mpaka Kenya ilipotunga Sheria ya Mali ya Wanandoa mwaka 2013.

Sasa tazama mtego. Waingereza wenyewe hawakukaa wakiisubiri Kenya. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wametunga sheria mpya za mgawanyo wa mali baada ya talaka, na vitabu vyao vya kiada vikaandikwa upya kuzifuata. Wakili wa Nairobi aliyenunua kitabu kipya kabisa cha sheria ya familia kutoka London, kwa bei ya kuumiza, alikuwa amenunua sheria ambayo haimhusu mteja wake. Aliyemhitaji ni mwenye juzuu kuukuu la sheria za Kiingereza lililofifia maandishi. Na mkutubi yeyote aliyeamriwa na bosi wake asafishe rafu, atoe "vitabu vya kizamani" ili kompyuta zipate nafasi, alikuwa anatoa sheria hai. Amri za namna hiyo zimetolewa mara nyingi katika eneo letu, na huwa zinatolewa na watu wasioomba ushauri.

Upande wa pili wa shilingi ni sheria inayoonekana hai kwenye karatasi kumbe imebatilishwa. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema aliyeua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Ukikisoma bila mtu wa kukuongoza utadhani jaji hana la kufanya. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema ulazima huo wa adhabu ya kifo unakwenda kinyume na Katiba. Mahakama za chini zikaanza kuutumia uamuzi huo hata kwenye wizi wa mabavu na makosa ya kujamiiana, mpaka Julai 2021 Mahakama ya Juu iliporudi na kufafanua kwamba ilizungumzia kesi za mauaji tu. Wakili aliyekuwa na uamuzi wa 2017 mkononi bila ule wa 2021 alikuwa na nusu ya sheria, na nusu ya sheria inaweza kumdanganya mtu kuliko kutojua kabisa.

Tanzania tunayo ya kwetu. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, vilipingwa na Rebeca Gyumi. Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Vitabu vilivyokuwa rafuni siku hiyo havikujifuta. Vilibaki vilevile, na kifungu cha 13 kikiwa na maandishi yake meusi, safi, ya kuaminika.

Kwa hiyo katika maktaba za sheria za zamani utaona kitu ambacho mgeni angekiita uharibifu. Fungua juzuu la sheria zilizorekebishwa, utakuta pembeni maandishi madogo ya penseli: tazama Sheria Na. 8 ya 2018. Au kijikaratasi chembamba kilichobandikwa kwa gundi juu ya kifungu kilichofutwa. Sheria hiyo Na. 8 ya 2018 niliyoitaja ndiyo iliyoingiza katika Sura ya 33 ya sheria za Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Madai, lengo kuu la kuitaka mahakama itende haki bila kufungwa mno na taratibu. Wakili aliyekuwa akitumia Toleo la 2002 bila ile penseli alikosa silaha ambayo mpinzani wake alikuwa nayo. Tangu hapo limetoka Toleo la 2019, na Julai 2025 likaanza kutumika lile la 2023. Kila toleo linapokuja, penseli inaanza upya. Hakuna anayemlipa mkutubi posho kwa hilo, na sijawahi kusikia hafla ya kuzindua penseli.

Hizo ndizo kazi za ndani. Sasa zije za nje ya mlango, maana kuna siku hata penseli yako haisaidii kwa sababu kitabu chenyewe hakipo. Ama hakikununuliwa, kwa kuwa mwaka huo bajeti iliishia kwenye matairi ya gari la ofisi. Ama kiliazimwa na mheshimiwa ambaye hakuna mwenye ubavu wa kumdai. Ama kipo, lakini mtu aliingia na wembe. Wembe ni janga la maktaba za sheria: juzuu linakaa rafuni likiwa zima kwa nje, ukilifungua unakuta ukurasa wa 690 umefuatwa na wa 703. Aliyekata alitaka kurasa chache za kesi yake, na pamoja nazo akaondoka na kesi ya mtu mwingine iliyokuwa nyuma ya karatasi.

Hapo ndipo mazungumzo kama haya hutokea, na yeyote aliyekaa karibu na meza ya mkutubi atayatambua:

"Shikamoo mama. Naomba sana, Giella ya sabini na tatu, kesi yangu ni saa nne."

"Marahaba mwanangu. Saa nne hii hii ya leo?"

"Ndiyo mama."

"Lile juzuu limechanwa. Kaa hapo." Anachukua simu. "Dada habari ya Nairobi? Mzima? Nipigie picha EA ya sabini na tatu, ukurasa mia tatu hamsini na nane, mpaka mwisho wa kesi. Ndiyo, na lile jalada la nje, hakimu wetu anapenda kuona jalada."

Dakika kumi baadaye picha zimeingia kwenye simu, moja ikiwa na kivuli cha kidole gumba. Wakili anakimbia. Mahakamani ataitwa "wakili msomi", na hakuna atakayejua kwamba usomi wake wa asubuhi hiyo ulisafiri kutoka Nairobi kwa urafiki wa wanawake wawili waliowahi kukaa meza moja kwenye mkutano.

Urafiki huo ni mzuri, na ndio unaozibeba maktaba nyingi mpaka sasa. Kasoro yake ni kwamba unastaafu. Yule dada wa Nairobi akiondoka kazini, namba yake inaondoka naye, na kijana anayechukua kiti chake hamjui mtu Dar es Salaam. Chama cha taaluma ni njia ya kuuondoa ujuzi huo kwenye simu ya mtu mmoja na kuuweka mahali ambapo mgeni atauona siku yake ya kwanza. Ukinibana niseme faida yake ni nini, nitaanza na hiyo, kabla ya semina, vyeti na picha za pamoja.

Wamarekani waliligundua hilo mapema. Mwaka 1906, huko Narragansett Pier katika jimbo la Rhode Island, wakutubi wa sheria waliokuwa wamekuja kwenye mkutano wa chama cha wakutubi wote walijitenga wakaunda chama chao. Rais wao wa kwanza akawa A. J. Small, mkutubi wa sheria wa jimbo la Iowa. Sababu haikuwa majivuno. Mkutano mkuu ulizungumzia usomaji wa watoto na maktaba za mitaa, mambo ya maana kabisa, ila hayakumsaidia mtu anayetafuta hukumu za jimbo jirani. Kinachonivutia ni walichokifanya baada ya kuondoka. Kufikia 1908 walikuwa wameanza jarida lao pamoja na faharasa ya makala za majarida ya sheria, kazi ambayo hakuna maktaba moja wala mchapishaji mmoja aliyekuwa ameibeba ipasavyo. Chama kilikuwa na umri wa miaka miwili na tayari kilikuwa kimezaa chombo ambacho mawakili wasio wanachama walikihitaji.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa visiwa vya Karibi. Huko kuna nchi nyingi ndogo zilizotawaliwa na Waingereza, kila moja na bunge lake na gazeti lake la serikali, na katika nyingi ya hizo, kwa miaka mingi, hakuna aliyeweza kukuambia kwa uhakika ni sheria zipi zinatumika. Miaka ya 1980 maktaba ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha West Indies, Cave Hill, Barbados, chini ya mkutubi Velma Newton, iliendesha mradi wa kutengeneza faharasa ya sheria za nchi hizo, nchi kwa nchi, pamoja na sheria ndogo. Ni kazi inayochosha hata kuisimulia: unapekua gazeti la serikali toleo kwa toleo, unaandika kilichotungwa, kilichorekebishwa, kilichofutwa. Katika miaka hiyohiyo wakutubi wa sheria wa Karibi wakawa na chama chao cha kikanda. Newton ndiye pia aliyeandika kitabu kuhusu wafanyakazi wa Karibi waliokwenda Panama. Wakutubi wazuri huwa na jambo jingine wanalolifukua pembeni.

Na sisi? Hatukuanzia sifuri. Oktoba 1961 kitivo cha kwanza cha sheria Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa ajili ya wanafunzi wa nchi zote tatu. Maktaba yake ikawa ya nchi tatu kwa lazima. Mwaka 1963 Makerere ikaanzisha shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi mkutubi wa Mwanza na wa Kisumu walikuwa wamefunzwa na walimu walewale. Kulikuwa pia na chama kimoja cha wakutubi wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiligawanyika kuwa vyama vya nchi. Lakini mwaka 1974, wakati Jumuiya yenyewe ikianza kutoa milio ya kuvunjika, wakutubi wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam katika kongamano la kwanza la kile kinachoitwa SCECSAL, na wameendelea kukutana, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, katika nchi tofauti. Wanasiasa waligawana ndege na mabehewa mwaka 1977. Wakutubi hawakuwa na cha kugawana, wakabaki marafiki.

Tatizo ni lilelile la Narragansett Pier. Katika mkutano wa wakutubi wote, mkutubi wa sheria ni mgeni wa pembeni. Anachohitaji yeye ni chama cha eneo zima cha watu wa kazi yake, na nasema eneo zima kwa makusudi, kwa sababu chama cha nchi moja hakitamfikisha mbali. Nchi moja inaweza kuwa na wakutubi wa sheria wachache wanaotosha kwenye basi dogo, na wengi wao wana mapengo yaleyale. Juzuu lililochanwa Dodoma lina uwezekano mkubwa wa kupatikana Kampala kuliko Morogoro.

Tena sheria yenyewe imerudi kuwa ya pamoja. Chukua Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004. Ni sheria moja inayotumika nchi zaidi ya moja, na marekebisho ya viwango vya ushuru hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya, Arusha, kwa kawaida siku za mwisho za Juni ili yaanze Julai mosi. Kuna kiwango cha pamoja cha ushuru wa mchele kutoka nje ya Jumuiya, lakini nchi inaweza kuomba iruhusiwe kutoza tofauti kwa mwaka mmoja, na ruhusa hiyo imo ndani ya kurasa za gazeti hilohilo. Wakala wa forodha wa Busia mwenye kesi ya mchele wa mwaka juzi hahitaji sheria ya leo, anahitaji gazeti la Juni ya mwaka ule. Mkutubi anayejua kulipata ana thamani ya pesa kabisa, pesa za kuhesabika.

Arusha yenyewe ni hazina. Pale kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa 2001, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Palikuwa na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwisho wa 2015 na kumwachia mrithi wake kumbukumbu zake, ambazo sasa ziko eneo la Lakilaki, huko huko Arusha. Mawakili wa eneo hili wana chama chao cha kikanda, East Africa Law Society, tangu 1995, na makao yake yako huko huko. Wakutubi wanaowalisha mawakili hao wangekuwa na kila sababu ya kuwa na meza ya jirani.

Zaidi ya hapo, Jumuiya ya leo si ya nchi tatu zilizolelewa na Waingereza. Burundi, Rwanda na Kongo zilirithi sheria kutoka Ubelgiji. Huko sheria inaanzia kwenye msimbo, na kesi za zamani hazina uzito uleule. Gazeti rasmi la Rwanda hutoka kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mkutubi wa Mombasa aliyeombwa sheria ya ardhi ya Kongo kwa ajili ya mteja anayenunua kiwanja Goma hatajifunza mfumo mzima kwa mchana mmoja. Anahitaji mwenzake wa Goma au Bukavu, na kwa bahati njema watazungumza Kiswahili.

Kuna watakaosema haya yote yamepitwa, kila kitu kiko mtandaoni. Kwa kiasi fulani wana haki. Kenya, kwa sheria ya 1994, iliunda Baraza la Taifa la Ripoti za Sheria, ambalo leo linaweka hukumu na sheria kwenye mtandao bure. TanzLII na ULII zinafanya hivyo Tanzania na Uganda, zikisaidiwa na mtandao wa AfricanLII. Wazo lenyewe lilianzia Cornell, Marekani, mwaka 1992. Hakimu wa wilaya ambaye zamani hakuwa na kitabu hata kimoja zaidi ya alichonunua kwa mshahara wake, sasa anasoma hukumu za Rufani kwenye simu. Ni mapinduzi, na sitayapunguzia sifa.

Lakini mitandao hiyo huwekewa kilichopatikana. Hukumu ya 1982 iliyopotea kwenye jalada haijitokezi kwa sababu kuna intaneti. Na sasa imekuja hatari mpya. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili wa New York walipeleka mahakamani hoja zenye kesi sita ambazo hazijawahi kuwapo duniani. Walikuwa wameziokota kwenye programu ya akili mnemba, zikiwa na majina ya pande na nukuu zake. Jaji Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Kesi hizo zilikuwa na sura ya kesi halali. Ukaguzi uliotakiwa ni ule wa siku zote, wa kufungua juzuu na kuangalia ukurasa. Jiulize nani angeziangalia hapa kwetu, kama ripoti zinazodaiwa ni za Uganda na wakili yuko Tabora.

Sitaki kuviremba vyama. Navijua vya kutosha vilivyozaliwa kwa kishindo, vikachagua mwenyekiti, mweka hazina na walezi wanne, vikashona fulana, vikafanya mkutano mmoja hotelini kwa pesa za mfadhili, kisha vikalala mpaka uchaguzi mwingine. Kinachovilaza, naamini, ni kukosa kazi inayomfanya mwanachama aumie akikaa nje. Wenzetu wa vyuo vikuu wamepiga hatua hapo: COTUL Tanzania, KLISC Kenya na CUUL Uganda huungana kununua majarida ya kielektroniki kwa bei ambayo chuo kimoja kisingeipata. Ukitoka kwenye muungano unalipa zaidi, na hakuna anayehitaji kushawishiwa kwa hotuba. Huduma hizo hulenga zaidi vyuo na taasisi za utafiti. Mkutubi wa mahakama ya mkoa au wa ofisi ya mawakili sita yuko nje ya hema.

Kwa hiyo chama cha wakutubi wa sheria wa eneo letu ningekianzishia kazi moja ngumu, isiyo na picha: orodha ya nani ana nini. EACA, majuzuu 23, yako wapi, lipi limechanwa, ukurasa gani hadi upi. EA ya 1957 hadi 1975 hivyo hivyo. Sheria za Jumuiya ya kwanza. Majarida ya High Court Digest. Sheria za Kiingereza za kabla ya 1897, 1902 na 1920. Baada ya hapo hukumu zisizoripotiwa za miaka ya ukame, kuanzia 1976, jalada kwa jalada, kabla waliozipanga hawajastaafu wote. Na kwa Tanzania, tangu marekebisho ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mpango wa pamoja wa namna ya kuziorodhesha hukumu za Kiswahili, ili ya Bukoba na ya Lindi kuhusu jambo moja zipatikane chini ya kichwa kimoja.

Ada yake isiwe sawa kwa wote. Ofisi kubwa za mawakili za Nairobi na Dar es Salaam, zinazomtoza mteja kwa kila saa ya utafiti, zilipe ya juu. Mkutubi wa mahakama ya mkoani alipe kwa kuhesabu rafu zake na kutuma anachokikuta, pamoja na kurasa zilizochanwa.